Floraidi katika maji ya kunywa: mwongozo kamili wa kuipima na kuipunguza nyumbani, kwa watu wa Tanga

Mtu wa Tanga akilalamikia maji ya kisima, mara nyingi analalamikia chumvi. Kisima kimechimbwa Mwambani au Tongoni, fedha imekwenda, na kilichotoka ni maji ambayo hata chai haikubali. Lakini siku hizi kuna swali jingine linalozuka barazani, na kwa kawaida analileta mtu aliyefanya kazi Arusha au aliyeoa huko: na floraidi je? Ameona watoto wenye meno ya kahawia, ameona na wazee waliopinda miguu, na sasa anataka kujua kama kisima chake cha Pongwe au Muheza kinaweza kuwafanyia hivyo wanawe.

Swali ni la haki. Ila jibu la Arusha halifai kuhamishiwa Pwani kama lilivyo. Kwa hapa kwetu hatua ya kwanza ni kujua kama tatizo unalo, kwa sababu kuondoa floraidi ni kazi ya kila siku na ya gharama, na ukiifanya bila sababu umejitwisha mzigo usio wako. Nitaanza hapo, kisha nitashuka kwenye njia zenyewe na vipimo vyake.

Ulimi hauijui floraidi

Floraidi haina rangi wala harufu, na kwa kiasi kinachopatikana katika maji ya kunywa haina ladha. Maji baridi, matamu, yanayong'aa kwenye glasi, yanaweza kuwa na floraidi ya kuharibu mifupa. Na maji chumvi yasiyopita kooni yakawa nayo kidogo tu. Maji ya bahari yenyewe, pamoja na ukali wake wote, yana floraidi kama miligramu 1.3 kwa lita, chini ya kikomo cha 1.5 cha Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo kisima kilichoingiliwa na bahari kina ugonjwa wake, lakini ugonjwa huo si huu. Ukisikia fundi anasema "haya maji ni chumvi, lazima yana floraidi", jua anabahatisha.

Floraidi hutoka kwenye mawe. Kule kwenye Bonde la Ufa, maji yanapita katika majivu na miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro, yanatoka na magadi mengi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu inapokosekana, floraidi haina wa kuishika, inabaki imeyeyuka majini. Penye mawe ya chokaa mambo hugeuka: kalsiamu huishika floraidi na kuizuia isipande sana. Na sisi ukanda wetu umejaa chokaa. Ndiyo iliyotupa mapango ya Amboni, ndiyo inayosagwa saruji Pongwe. Maji ya visima vya mawe hayo ni magumu, yanakula sabuni na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Mama jikoni anauchukia ukoko ule, lakini kwa upande wa floraidi ni dalili nzuri. Dalili tu, maana kipimo ni cha maabara.

Maji yako yanatoka wapi?

Ukiwa mjini na unatumia bomba la Tanga UWASA, maji yako yanatoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani. Zigi unaanzia Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani, juu ya miamba ya kale isiyo ya volkano. Mto wa mvua unaopita mawe ya namna hiyo kwa kawaida hubeba floraidi ndogo. Nenda ofisini kwao ukaombe matokeo ya vipimo kama moyo hautulii, lakini usikimbilie kununua kichujio.

Mkoa wa Tanga hata hivyo si jiji peke yake. Mto Pangani umezaliwa kulekule kwenye floraidi: Kikuletwa unakusanya maji ya chemchemi za chini ya Meru, Ruvu unatoka upande wa Kilimanjaro, yanakutana Nyumba ya Mungu, kisha yanateremka hadi Korogwe, Hale na mwisho baharini Pangani. Njiani yanaongezewa mito ya Pare na Usambara, kwa hiyo floraidi inazimuliwa. Lakini anayekunywa maji ya mto huo, awe anachota mwenyewe au anasukumiwa kwa bomba, ana sababu ya kuuliza namba. Kisha kuna Handeni na Kilindi, ambako watu wanategemea visima virefu vilivyotobolewa kwenye miamba. Huko kila kisima ni habari yake. Viwili vya kitongoji kimoja vinaweza kupishana kabisa, kwa hiyo kipimo cha jirani si chako.

Kikomo, na nani wa kulindwa

Namba ya kukumbuka ni 1.5, yaani miligramu moja na nusu kwa lita ya maji. Tanzania haikuanza na namba hiyo. Mwaka 1974 maji ya vijijini yaliruhusiwa mpaka 8 kwa muda, kwa kuwa vyanzo vingine havikuwapo, baadaye kikomo kikawa 4, na sasa ni 1.5. Kwa hiyo mtu akikuonyesha cheti kinachosema kisima "kimepita", tazama mwaka na tazama namba yenyewe. Neno "kimepita" la miaka ya tisini si la leo.

Kidogo si kibaya: chini ya kikomo hicho floraidi husaidia meno yasioze, na ndiyo maana ipo kwenye dawa za meno. Ikizidi 1.5 kwa miaka, meno ya watoto huanza kuwa na mabaka meupe, kisha kahawia. Ikifika 4 na kuendelea, kwa mtu anayeyanywa maji hayo miaka mingi, mifupa na viungo huanza kuumia. Ikipita 10, kuna waliolemaa.

Wa kulindwa kwanza ni mtoto wa chini ya miaka minane, maana meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi wakati huo. Meno ya mbele huharibika zaidi katika miaka mitatu ya mwanzo. Likishatoka na doa, hakuna kichujio kitakacholifuta. Hiyo ni kazi ya daktari wa meno, wala usilisugue kwa mkaa au mchanga, utamaliza jino. Mtoto anayenyonya yuko salama kwa sababu maziwa ya mama hayana floraidi ya kutaja hata kama mama anakunywa maji yenye nayo. Anayepewa maziwa ya kopo ndiye wa kuangaliwa, kwa sababu chakula chake chote kinakorogwa kwa maji hayohayo.

Kwa maana hiyo, kama maji yako ni machache ya kusafisha, mpe kwanza mtoto mdogo na mama mwenye kumkorogea. Babu wa miaka sabini aliyehamia juzi anaweza kusubiri.

Kabla ya maji, magadi

Hapa ndipo ningetaka msomaji wa Pwani akae kidogo, kwa sababu ndipo floraidi ya Bonde la Ufa inapotufikia bila kupitia bombani. Magadi ya kupikia, yale mabonge ya kijivu au meupe yanayopimwa kwa kikopo sokoni Ngamiani, yanatoka kwenye maziwa na mbuga za huko: ukanda wa Natron na mabonde ya jirani. Yanalainisha maharage na kunde, yanafanya kisamvu kiive upesi na kibaki kijani, na kule Lushoto hayakosekani kwenye makande ya nyumba nyingi. Na yanabeba floraidi. Kiasi kinatofautiana ajabu: magadi ya mafungu mawili tofauti yanaweza kupishana kutoka miligramu makumi kwa kilo hadi maelfu, na yale yanayokwanguliwa juu ya udongo mara nyingi ni mabaya kuliko yale ya mabonge safi. Watafiti wa meno nchini walishaona watoto wenye meno ya kahawia katika sehemu ambazo maji yake hayana floraidi ya maana, na kilichowaunganisha kilikuwa ni magadi jikoni.

Tufanye hesabu. Chukua magadi yenye miligramu 1,000 kwa kilo. Kijiko kidogo cha chai, kama gramu 5, kinaingiza miligramu 5 kwenye sufuria. Hiyo ni floraidi ya zaidi ya lita tatu za maji yaliyo kwenye kikomo, imeingia kwenye mboga ya siku moja, na mtoto wa miaka miwili anakula hiyo mboga. Utanunua mashine ya kuchuja kwa mamia ya maelfu huku kikopo kile kiko palepale kwenye kabati?

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa haina gharama. Maharage, kunde na mahindi ya makande loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, pika kwa maji mapya na ufunike sufuria. Chumvi na ndimu tia mwishoni, maana ndimu ikiwahi inayafanya maharage yagome kuiva. Kisamvu kitwange vizuri, chemsha muda mrefu bila haraka kabla ya tui. Kama kuna bibi nyumbani anayeona mboga bila magadi si mboga, apikiwe ya kwake, ya watoto ipikwe pembeni. Ni mazungumzo magumu kuliko ya kufunga kichujio, nakubali.

Na chai. Mchai hufyonza floraidi kutoka udongoni na kuiweka kwenye majani, hasa yaliyokomaa, na chai yetu ya Usambara haina msamaha wa maumbile. Chai ya mkandaa iliyokolea inaweza kuwa na floraidi zaidi ya maji iliyopikiwa. Mtu mzima hilo lisimsumbue kama maji yake ni mazuri. Mtoto mdogo asizoeshwe mkandaa, basi.

Dawa ya meno mwachie, maana inalinda meno; mwekee kiasi cha punje ya mchele kama hajafika miaka mitatu, kiasi cha njegere baada ya hapo, na mfundishe kutema.

Kuchukua sampuli

Tumia chupa ya plastiki ya nusu lita, si ya kioo, kwa kuwa floraidi inaweza kushikana na kioo. Chupa ya maji ya kununua inafaa ikisafishwa kwa maji matupu, bila sabuni. Kisima cha pampu kiache kitoe maji dakika tano hadi kumi kwanza, ili upate maji ya ardhini na si yaliyolala kwenye bomba. Suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, jaza, funga, andika tarehe na mahali. Kisima cha kamba chota kwa ndoo safi kutoka chini ya uso wa maji.

Ukiwa kijijini, anzia ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, wao wana njia ya kufikisha sampuli kwenye maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji. Omba floraidi kwa jina, maana kipimo cha kawaida unachoweza kupewa ni cha vijidudu na chumvi. Uliza bei kabla ya kuacha chupa. Kama unaweza kulipia vipimo viwili, peleka kimoja mwisho wa kiangazi, Februari au mapema Machi kabla ya masika, kwa sababu wakati huo maji ya kisima hayajazimuliwa na mvua. Kimoja cha masika kinaweza kukudanganya.

Jibu likiwa chini ya 1, funga mwongozo huu, shughulika na chumvi na vijidudu. Likiwa kati ya 1 na 1.5, magadi yatoke jikoni na inatosha. Likizidi hapo, endelea kusoma.

Yasiyosaidia

Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaizidisha. Maji yanapanda kama mvuke, floraidi inabaki sufuriani: lita 20 zenye miligramu 2 kwa lita zikichemka hadi kubaki 18, sasa zina 2.2. Chemsha kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo, usichemshe kwa ajili ya hili.

Dawa ya klorini haiigusi. Kichujio cha chungu au cha mshumaa hakiigusi. Mkaa wa kawaida, hata ule wa kwenye vichujio vya dukani vinavyowekwa kwenye bomba, unaondoa harufu na klorini, floraidi unaiacha ipite. Kuanika chupa juani kunaua vijidudu tu. Mbegu za mlonge zinatuliza tope vizuri sana, lakini usizitegemee kwa floraidi. Mtungi wa udongo unapoza maji, na ndio mwisho wa kazi yake.

Jambo jingine la kuokoa fedha: usisafishe maji ya kuoga, kufua wala kudekia. Floraidi haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kujali. Kinachohitajika ni maji ya kunywa na kupikia, kama lita 4 au 5 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu sita ni lita 25 hadi 30, yaani dumu moja na nusu. Tenga chombo chenye mfuniko, kiwekee alama, na kila mtu nyumbani ajue kwamba maji ya mle ndiyo ya kinywani na ya sufuriani.

Mvua kwanza

Kama kisima chako kina floraidi, dawa bora ni kutokunywa maji yake, na Tanga Mungu ametujalia mvua. Mjini hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka wa kawaida, kwa masika na vuli, na maji ya mvua floraidi yake karibu ni sifuri. Wenzetu wa Bagamoyo nao wanaweza kufuata njia hii.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20 inakupa lita 960, ondoa moja ya tano inayomwagika na kunyweka na paa, unabaki na karibu 770. Mvua moja tu ya masika. Sasa miezi mikavu ya katikati ya mwaka: kutoka Juni hadi Septemba ni siku kama 120, kwa lita 25 kwa siku unahitaji 3,000. Tenki la lita 3,000 ni la kubana, la 5,000 linakupa pumzi, na mvua ndogondogo za katikati zinaongezea.

Paa liwe la bati au vigae. Makuti yanatoa maji ya rangi ya chai na uozo, usiyanywe. Kata matawi ya mwembe yanayoning'inia juu ya paa, kunguru watakaa kwingine. Maji ya mwanzo ya kila mvua baada ya jua la siku kadhaa yanaosha vumbi, chumvi ya upepo wa bahari na vinyesi vya ndege, kwa hiyo usiyaingize tenkini: kwa paa la ukubwa huo mwaga kama lita 50, madumu mawili na nusu. Wengine hufunga bomba la kusimama lenye kizibo chini. Likijaa, yanayofuata yanapita kwenda tenkini, na baadaye unafungua kizibo. Tenki liwe na mfuniko unaobana na wavu wa mbu kwenye kila tundu, la sivyo umefuga dengi. Maji haya unaweza kuyachemsha au kuyatia klorini bila wasiwasi wowote, floraidi ya kuzidisha haimo.

Mvua haitoshi? Changanya. Kisima chenye 3 kikichanganywa nusu kwa nusu na maji ya mvua kinakuwa 1.5, ndoo moja ya kisima kwa mbili za mvua ni 1. Kisima chenye 4 kinataka ndoo moja kwa tatu ili kifike 1. Kanuni ni hiyohiyo: kwa ndoo moja ya kisima, gawa floraidi yake kwa idadi ya ndoo zote. Inafanya kazi pia kwa maji ya bomba yanayouzwa kwa mkokoteni, mradi unajua kwamba muuzaji kweli ametoa bombani.

Shabu na chokaa

Njia hii ilibuniwa India na ikapewa jina la wilaya ya Nalgonda. Tanzania ilifanyiwa majaribio ya ndoo za nyumbani katika kituo cha Ngurdoto, Arumeru, kituo cha Wizara ya Maji kinachoshughulika na floraidi. Shabu inapokutana na chokaa hutengeneza mabonge mepesi yanayoshika floraidi na kuzama nayo.

Shabu tunayoijua Pwani, jiwe la kupaka baada ya kunyoa, ni jamaa wa karibu lakini siyo inayotumika hapa, na nguvu yake si ileile. Kipimo nitakachotoa kitakukosea. Tafuta shabu ya kusafishia maji, yaani salfeti ya alumini, kwa wauzaji wa kemikali za maji. Chokaa iwe iliyozimwa, nyeupe, safi, isiwe ile ya kupaka ukuta yenye rangi au gundi.

Unahitaji ndoo mbili za lita 20. Ya juu iwe na koki iliyotobolewa sentimita 5 kutoka chini, si chini kabisa, ili tope libaki. Ya chini iwe na koki na mfuniko. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa, kaniki kuukuu inatosha. Mwiko wa mti.

1. Pima gramu 12.8 za shabu na gramu 6.4 za chokaa kwa ndoo moja ya lita 20. Hapa hakuna kukisia kwa kijiko. Nenda kwa mtu mwenye mizani ndogo, sonara kwa mfano, pima vifuko vya mwezi mzima kwa mara moja, shabu mbali na chokaa mbali, uvihifadhi pakavu.
2. Jaza ndoo ya juu, tia vyote viwili kwa pamoja.
3. Koroga haraka huku ukihesabu hadi 60.
4. Koroga taratibu huku ukihesabu hadi 300. Utaona mabonge yakijitengeneza kama maziwa yaliyokatika. Ukiendelea kukoroga kwa nguvu hapa unayavunja, na kazi yote imekwisha.
5. Iache saa moja, funika, usiisogeze.
6. Fungua koki, maji yapite kwenye kitambaa kwenda ndoo ya chini. Simamisha tope likianza kukaribia.
7. Tope limwage shimoni mbali na kisima, bustani na watoto. Floraidi yote uliyoitoa imo humo. Osha ndoo.

Nisikufiche kiwango chake. Kwa maji yaliyoanza na floraidi 9 hadi 12, dozi hiyo iliacha kama 2, ambayo bado iko juu ya kikomo. Kwa maji ya 3 hadi 5, ambayo ndiyo yenye uwezekano zaidi wa kukukuta mkoa huu, una nafasi nzuri ya kushuka chini ya 1.5, na ukisaidiwa na mtu wa maabara unaweza hata kupunguza dozi huku uwiano wa mbili kwa moja ukibaki. Usiongeze shabu kwa kudhani inazidi kusaidia: maji yanakuwa machachu na alumini inabaki ndani. Ukionja uchachu, chokaa ilikuwa kidogo. Ukihisi utelezi wa maji ya majivu, ilizidi. Vyote viwili ni vya kumwaga na kuanza upya.

Kasoro kubwa ya njia hii ni uvivu wa binadamu. Kila siku, kila ndoo, saa moja na nusu. Nyumba yenye msichana wa kazi mmoja na watoto wanne itaifuata wiki mbili, halafu itaanza kuruka siku.

Mkaa wa mifupa

Kwa sababu hiyo Ngurdoto waliegemea zaidi mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, joto la nyuzi 400 hadi 500, kisha inapondwa punje za kama milimita moja hadi tatu. Madini ya mfupa yanabadilishana na floraidi na kuishika. Unamimina maji juu, yanapita taratibu, unachota chini.

Usijichomee nyumbani. Moto ukiwa mdogo, mafuta yanabaki na maji yananuka mzoga. Ukizidi na hewa ikiingia, mifupa inakuwa myeupe na uwezo wake wa kushika floraidi unapotea. Nunua ulioandaliwa na watu wanaopima, na uoshe kwa maji mengi hadi maji yatoke meupe kabla ya kunywa ya kwanza.

Tanga hakuna atakayekaa na kichujio hiki bila kuulizwa mifupa ni ya mnyama gani na alichinjwa vipi. Muulize muuzaji chanzo, wa kweli atakutajia machinjio. Ukiwa na shaka ya dini, muulize sheikh wako kabla ya kununua, si baada ya mama mkwe kukataa kunywa. Na kama ni nyumba ya Kihindi isiyokula nyama, waache na mvua au mashine.

Hesabu ya umri wake: gramu moja ya mkaa mzuri chukulia inabeba miligramu 2. Kilo 5 ni miligramu 10,000. Maji yako yana 6 na unataka yabaki 1, kila lita inaacha 5, kwa hiyo kichujio kinasafisha lita 2,000. Kwa lita 20 kwa siku ni siku 100. Andika tarehe ya mwisho juu ya ndoo kwa rangi isiyofutika. Ni lazima, kwa sababu mkaa ukichoka haukuambii: maji yanaendelea kutoka safi, matamu, kwa kasi ileile, na floraidi yote ndani. Maji yapite polepole, yakae na mkaa kama nusu saa. Koki ukiifungua yote ili dumu lijae haraka unakunywa maji yaleyale ya kisimani. Mkaa uuache umelowa daima, na maji yaliyotoka yatie klorini, maana mle ndani vijidudu hupenda kuzaliana.

Mashine ya RO na wauzaji wake

Kwa kisima chenye floraidi na chumvi pamoja, mashine ya RO, inayosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba sana, ndiyo jibu la nyumbani linalotibu vyote kwa mpigo. Ikiwa nzima huondoa floraidi zaidi ya asilimia 85, na chumvi nayo inakwenda. Inataka umeme au msukumo mzuri wa maji, inataka vichujio vya mwanzo kubadilishwa kila baada ya miezi, na kwa kila lita nzuri inamwaga lita mbili hadi nne. Yanayomwagwa yapeleke chooni, si kwenye mchicha, utaua shamba kwa chumvi.

Muuzaji akija na kalamu ya kupima inayoonyesha 600 kabla na 40 baada, kumbuka kalamu ile inasoma jumla ya chumvi zote, floraidi haioni. Akija na kifaa cha umeme chenye vyuma viwili, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji yako yakageuka tope la kahawia, huo ni mchezo: chuma chenyewe ndicho kinacholika na kutoa kutu, na maji yoyote yenye chumvi kidogo yatafanya hivyo. Muulize jambo moja tu, akuonyeshe karatasi ya maabara ya floraidi kwa maji yaliyotoka kwenye mashine kama hiyo.

Njia yoyote uliyochagua, peleka chupa mbili maabara ndani ya mwezi wa kwanza, ya maji yalivyoingia na ya maji yalivyotoka. Kama ulitumia shabu waambie, kwa sababu alumini inayobaki huvuruga baadhi ya vipimo vya floraidi na wao wana dawa ya kuidhibiti wakijua mapema. Kwa mkaa wa mifupa pima tena karibu na ile tarehe uliyoandika kwenye ndoo. Kwa RO, kila unapobadilisha utando.